Tengano, Nchi Isiyohakiki Majibu Yake

Katika nchi ya Tengano hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Wanakuuliza unagawanyika vipi. Ukikosa jibu wanakupa siku tatu za kufikiri, na siku ya tatu ikifika wanafikiri kwa niaba yako.

Sikudhani, fundi cherehani, hakuyajua hayo alipoingia huko na wifi yake Zamoyoni. Wao walikuwa wapita njia tu, wanawahi arobaini ya ndugu upande wa pili, na kama mawifi wengi wa dunia hii walikuwa hawajapatana neno tangu walipofunga mizigo. Hadi wanasimama mbele ya meza ya langoni walikuwa bado wanabishania nani aliyesahau chumvi.

Mwandishi wa lango hakungoja mshindi apatikane. Alimvika kila mmoja kibao cheusi kifuani, chenye kamba ya shingoni, akashika chaki.

"Kila mtu analo jambo moja asilolijua juu ya nafsi yake," alisema, kwa sauti ya mtu aliyekwisha kulisema hilo mara elfu. "Jambo hilo tunaliita eksi. Na kwa kuwa mtu halijui, tena hajui kwamba halijui, tunaliandika mraba." Akaandika x² kwenye vibao vyote viwili. "Sasa wewe. Umebeba yasiyojulikana ya watu wangapi wengine?"

Sikudhani alihesabu mume, watoto watatu na mama mkwe. Watano.

"Na mambo mangapi unayajua kwa hakika?"

Hapo alichukua muda, maana maisha yalishampokonya hakika nyingi. Zilibaki sita. Kibao chake kikasomeka x² + 5x + 6.

Zamoyoni akasogea. "Mimi nimebeba wanne, ukimtoa huyu," alisema, akimwonyesha wifi yake kwa midomo. "Huyu ajibebe."

"Na ya hakika?"

"La kwanza, huyu akipika wali unakuwa uji. Andika."

Mwandishi aliandika. Yakatimia matano, na kibao cha Zamoyoni kikawa x² + 4x + 5.

"Nimekuzidi moja huku na moja huku," Sikudhani alimwambia.

"Hata gunia la pumba hukizidi kibaba cha mchele."

Wakacheka, wakapita. Hawakucheka tena kwa siku mbili na nusu.

Mji wa kwanza kutoka langoni ndio mji mkuu, na nyumba zake zote ni kuta mbili zilizopinda, zinazotazamana kama viganja vinavyotaka kukamata nzi. Wenyewe wanaziita mabano. Mawifi walikuwa wakiulizia njia ya Idara ya Vigawo, walikoagizwa langoni, na bwana mmoja mwema, kwa ukarimu, alikuwa amemshika Zamoyoni mkono akimwelekeza, ngoma ya saa sita mchana ilipolia.

Watu wote wa njiani wakasimama. Ndipo Sikudhani alipoona kwamba kila mwenyeji ana vibao viwili, kimoja kifuani na kimoja mgongoni, kila kimoja kimezungushiwa mabano ya chaki. Kwa mkono mmoja, bila kutazama, wakavizungusha: cha mgongoni kikaja mbele, cha mbele kikaenda mgongoni. Kisha wakaendelea na safari, lakini si zile walizokuwa nazo. Mwanamke aliyekuwa akinyonyesha kizingitini alimlaza mwanawe chini, akaondoka bila kugeuka. Fundi aliyekuwa juu ya ngazi alishuka, akaacha nyundo ikining'inia kwenye msumari uliofika nusu. Na yule bwana mwema aliuachia mkono wa Zamoyoni, akakitazama kiganja chake, kisha akamtazama yeye kama mtu anayetazama ukuta.

"Nikusaidie nini, mama?"

"Ulikuwa unanionyesha Idara."

"Si mimi. Huyo atakuwa wa asubuhi." Akaenda zake.

Mtoto pale kizingitini alilia. Baada ya muda alitokea mwanamke mwingine, akamwokota kama anavyookotwa mtoto wa zamu.

Hiyo ndiyo maana ya kuwekwa katika vigawo. Sheria ya Tengano inasema kila kilicho kwenye kibao kitenganishwe kuwa mabano mawili yanayozidishana, na mwenye kibao aishi katika bano moja asubuhi na katika la pili mchana. Nusu ya asubuhi haijui ya mchana imefanya nini, wala haiulizwi. Serikali inasifu utaratibu huo kwa utulivu ulioleta: hakuna anayelala na kinyongo, maana aliyetukanwa asubuhi hayupo jioni. Na hakuna raia aliyewahi kuihama nchi. Wapo wanaofunga safari kila asubuhi, lakini mchana nusu ya pili hujikuta porini na mzigo kichwani, ikastaajabu, ikarudi nyumbani.

"Wifi," Zamoyoni alisema polepole, "tugeuke turudi tulikotoka."

Walipolifikia lango, lilikuwa limefungwa. Mlinzi wa mchana aliwaeleza kwa adabu zote kwamba anayetoka, aelekee upande wowote, hutoka na hati ya vigawo, na asiye na hati anazo siku tatu. Siku ya tatu, ngoma ya saa sita ikilia, asiyetenganishwa hupelekwa Chumba cha Makadirio.

"Huko kuna nini?" Sikudhani aliuliza.

Mlinzi alijishughulisha na kufuli lake.

Idara ya Vigawo ilikuwa ukumbi mrefu wenye madirisha manne, kila dirisha na karani wake, kila karani na njia yake moja tu. Dirisha la kwanza lilishughulikia Kilicho Sawa: karani hutafuta kitu kilichomo katika kila sehemu ya kibao, hukitoa nje, kinachobaki hukifungia ndani. La pili lilikuwa la Makundi: hupanga sehemu mbili mbili, hutumaini zitafanana. La tatu lilikuwa la Miraba: ukiwa na mraba mmoja ukipunguzwa mwingine, basi umekwisha kabla hujakaa. La nne lilikuwa la Kukisia. Karani wa dirisha hilo, Bwana Ngwali, alikuwa na kopo la mbegu zilizoandikwa namba. Alilitikisa, akatoa mbili, akaziweka kwenye mabano, akatazama kama zimependeza.

Njia zote nne ni njema, kila moja kwa kibao chake. Hilo Sikudhani alilijua toka shule, alikofundishwa aljebra kwa chaki ya mwalimu na kwa fimbo ya mwalimu, na akaufeli mtihani mara mbili hata hivyo. Lakini Tengano haipangi dirisha kwa kutazama kibao. Inapanga kwa foleni: wa kwanza la kwanza, wa pili la pili, wa tatu la tatu, wa nne la nne, wa tano anarudi la kwanza. Wanasema ndiyo haki. Zamani ililetwa hoja Barazani kwamba mtu atazamwe kibao kabla ya kupewa dirisha, na mjumbe mmoja akaipinga kwa maneno yaliyochongwa juu ya mlango wa ukumbi: Kumtazama mtu kabla ya kumhudumia ni upendeleo. Hoja ilipita asubuhi kwa kura zote. Ngoma ikalia. Mchana ikaanguka kwa kura zote zilezile.

Basi Zamoyoni akaangukia dirisha la nne na Sikudhani la tatu. Mbele yao, kwenye foleni ya Makundi, alisimama mzee mcheshi, mpita njia kama wao, jina lake Chilewa, anagawa karanga kwa kila aliyenyoosha mkono. Kibao chake kilikuwa x² − 9: hakuwa amembeba mtu yeyote, na mambo tisa aliyoyajua kwa hakika yalikuwa yamemponyoka.

"Mke alikuwa mojawapo," alisema, akacheka mwenyewe. "Alisema anakwenda kisimani. Kisima hicho sijakiona mpaka leo."

"Labda aliona unavyomaliza karanga," Zamoyoni alisema.

Karani wa Makundi alimgeuza Chilewa huku na huku. "Una sehemu mbili tu. Nitakupangaje makundi? Rudi kesho ukiwa na nne."

"Nitazitoa wapi, bwana mkubwa?"

"Hilo ni la kwako na familia yako."

Sikudhani, ambaye ulimi wake ulikuwa umemponza tangu utoto, aliona jambo hili linakuwa mchezo. Akainama kwenye sikio la mzee. "Eksi kutoa tatu, mara eksi kujumlisha tatu. Kibao chako ni cha dirisha la tatu, babu."

Chilewa akanyoosha mkono, akalipaza jibu kwa furaha, kama mwanafunzi aliyengoja mwaka mzima kuulizwa. Makarani wakaligonga muhuri papo hapo. Wakampa vibao viwili, wakamvika, wakampiga begani.

Akageuka kuwashukuru. Mdomo ulikuwa bado umekaa kicheko, lakini macho yalipita juu ya Sikudhani bila kutua. Akatazama karanga zilizojaa kiganja chake, akakiinamisha, zikamwagika sakafuni, akazikanyaga akienda.

Sikudhani alibaki akizitazama karanga zilizopondeka. Alikuwa amemtenganisha mtu kwa mkono wake, tena kwa jibu sahihi.

Tangu saa ile alifunga mdomo. Maana jibu la kibao chake mwenyewe alikuwa nalo. Alikuwa nalo toka langoni, chaki haijakauka: namba mbili ambazo ukizizidisha unapata sita na ukizijumlisha unapata tano. Mtoto angeziona. Alizibana ndani ya kinywa kama mtu aliyeficha sindano mdomoni, na akamshukuru Mungu kwa ujinga wa dirisha la tatu, ambapo karani alimtazama kwa huzuni siku ya kwanza, na siku ya pili, akamwambia yaleyale: "Huna alama ya kutoa, bibi. Mimi bila kutoa sina kazi na wewe."

Siku hiyo ya pili Sikudhani alikwenda kuchungulia uani, nyuma ya Chumba cha Makadirio. Alitaka kujua anachokiogopa kina sura gani.

Kulikuwa na watu wapatao thelathini wamekaa chini kwa mistari. Hakuna aliyepigwa, hakuna aliyefungwa. Kila mmoja alikuwa na vibao viwili kama raia wengine, ila hawa walivizungusha bila ngoma. Mbele nyuma, mbele nyuma. Mama mmoja alikuwa akikitazama kibao kipya kila kinapomfikia kifuani, akitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayejaribu funguo za nyumba ya jirani kwenye mlango wake. Vifundo vya vidole vyake vilikuwa vimechubuka.

"Wana nini?" Sikudhani alimwuliza mfagiaji.

"Hao muda wao uliisha bila jibu. Chumbani huwekewa jibu la karibu. Karibu inatosha, ndiyo kanuni." Akaegemea ufagio. "Wanazunguka wakitafuta pa kukaa. Wengine huzoea."

"Kuna aliyezidisha yale mabano kuona kama yanarudi kuwa mtu yuleyule?"

Mfagiaji alitazama kushoto na kulia. "Kuzidisha kurudi? Hiyo si kumtilia shaka karani?"

Sikudhani akarudi bila kuuliza zaidi. Katika ufundi wake, nguo ukiifumua ukashindwa kuishona ikarudi kumtosha mwenyewe, hujafumua, umechana. Na yule mwalimu wa fimbo alikuwa na msemo: jibu usilolizidisha kurudi ni uvumi. Nchi nzima ilikuwa inaishi kwa uvumi, imeugonga muhuri.

Siku ya tatu, saa tano asubuhi, Bwana Ngwali alilitikisa kopo lake kwa mara ya mwisho mbele ya Zamoyoni. Zikatoka moja na tano.

"Eksi na moja, eksi na tano," alisema, akainamisha kichwa kupima. "Mwisho inatoa tano, kama kibao. Katikati sijui. Lakini imekaribia, mama, imekaribia sana. Chumbani watakumalizia."

"Nimalizwe mimi?" Zamoyoni alisema. "Bwana, mimi nimeachwa mara mbili sijaisha." Lakini sauti ilimpasuka katikati ya maneno, na Sikudhani, ambaye kwa miaka kumi na minne alikuwa ameisikia sauti ile ikimkejeli, ikimsema na ikimnyima pumzi, hakuwahi kuisikia ikipasuka.

Kila anayepelekwa Makadirio ana haki ya kupinga mbele ya Mtenganishi Mkuu. Haki hiyo haijawahi kutumika, kwa sababu mlango wa Mkuu hufunguliwa nusu saa tu kabla ya ngoma. Sikudhani alimshika wifi yake, akaingia naye, na Ngwali akawafuata na kopo lake.

Mtenganishi Mkuu alikuwa mwanamke mnene, mtulivu, mwenye miwani na saa kubwa ya mezani. "Semeni upesi," alisema. "Ikilia ngoma mimi si mimi, na huyo ajaye hatawajua."

"Mama Mkuu, jibu hili si lake." Sikudhani aliichukua chaki kutoka kwa Ngwali. "Tulizidishe lirudi."

"Haturudishi."

"Leo tu. Eksi mara eksi, eksi mraba. Eksi mara tano, eksi tano. Moja mara eksi, eksi moja. Moja mara tano, tano. Jumlisha za katikati: sita. Kibao chake kina nne. Huyu aliingia nchini amebeba watu wanne. Nyinyi mnamtoa amebeba sita. Hawa wawili ni akina nani, na nani atawalisha?"

Mkuu aliivua miwani. "Sisi hatumtenganishi mtu," alisema. "Tunatenganisha kilichoandikwa kibaoni. Tafuteni jozi nyingine."

"Hakuna nyingine. Tano inazaliwa na moja na tano peke yake. Ukiziweka za kuongeza, katikati ni sita. Ukiziweka zote za kutoa, ni hasi sita. Nne haipatikani hata bwana huyu atikise kopo mpaka azeeke."

"Basi ni suala la kutafuta zaidi."

"Si kutafuta, Mama. Tazama." Aliandika, chaki ikalia juu ya meza. "Chukua ile nne, ikate katikati, unapata mbili. Eksi na mbili, izidishe kwa nafsi yake. Inakupa eksi mraba, na eksi nne, na nne. Yeye ana tano. Kwa hiyo yeye ni mraba mmoja kamili, na moja juu yake. Mraba haushuki chini ya sifuri, eksi iwe nini. Na juu ya mraba daima kuna ile moja. Hafiki sifuri kamwe. Kitu cha kuvunjika vipande namna hii lazima kiwe na mahali pa kuvunjikia. Huyu hana mahali hapo."

"Labda ipo namba ambayo mraba wake ni hasi moja."

"Nasikia ipo nchi zinakoishi namba hizo. Si hii, na sidhani kama mna ubalozi huko."

Saa ya mezani ilionyesha zimebaki dakika kumi na mbili. Mtenganishi Mkuu aliyarudia mahesabu kwa ncha ya kidole, mstari kwa mstari, na alipofika kwenye ile moja iliyobaki, kidole kilisimama. Dirisha la chumba lilitazama uani, na kutoka huko ilikuja ile sauti ya mbao, mbele nyuma, mbele nyuma.

"Wale," Mkuu alisema, bila kugeuka.

"Wengine huenda ni kama yeye, hawakuwa na pa kuvunjikia. Wengine walipelekwa dirisha lisilo lao tu. Wazidisheni warudi, mtajua."

Mkuu alichukua karatasi. Hakukuwa na muhuri wa neno lile, kwa hiyo akaandika kwa mkono, herufi zikipanda na kushuka: Hagawanyiki. Apite. Akampa Zamoyoni.

Na hapo ndipo Bwana Ngwali alipokohoa.

Alikuwa amesimama pembeni muda wote, macho yanang'aa, kama mtu aliyefanya kazi gizani miaka ishirini na kuonyeshwa pa kuwashia taa. Alikuwa ameliweka kopo chini. "Kwa hiyo unaanza na ile ya mwisho," alisema kwa unyenyekevu. "Unatazama inazaliwa na zipi. Kisha unazijumlisha." Akakisogelea kibao cha Sikudhani. "Sita. Moja na sita, saba, hapana. Mbili na tatu..." Akatabasamu kwa raha safi kabisa. "Tano. Mbili na tatu. Eksi na mbili, eksi na tatu. Na nikizidisha kurudi, eksi mbili na eksi tatu, tano, na mbili mara tatu, sita. Imekaa, Mama Mkuu. Imekaa barabara. Dada, hii njia yako ni tamu mno."

Kumfundisha mtu ni hivyo. Hakuulizi aanzie kwa nani.

Sikudhani alijaribu kuiona alama hata moja iliyokosewa, akakosa. Alimwona yule mwanamke wa kizingitini akimlaza mwanawe chini. Aliwaona wanawe watatu, na akajiuliza ni ipi kati ya nafsi zake mbili, ya asubuhi au ya mchana, itakayowakumbuka majina.

"Sheria ni moja," Mtenganishi Mkuu alisema, na ilionekana hakupenda kuisema. "Kigawanyikacho kigawanywe. Mama Zamoyoni, wewe una hati. Pita mlango ule kabla ya ngoma."

Zamoyoni aliutazama mlango. Ulikuwa wazi, na nje kulikuwa na jua, na njia iliyonyooka hadi mpakani. Alipiga hatua moja kuuelekea. Sikudhani hakumlaumu. Angekuwa yeye asingejua angefanya nini, na mawifi si ndugu wa tumbo moja.

Kisha Zamoyoni akarudi kinyumenyume, bega lake likagonga la wifi yake, kibao kikagonga kibao.

"Lete chaki."

"Wifi, nenda."

"Nimesema lete chaki. Kwa ukaidi huu utadhani kweli una akili." Aliinyakua. Pale vibao viwili vilipogusana, akachora msalaba mdogo, nusu kwenye kibao chake, nusu kwenye kibao cha Sikudhani: alama ya kujumlisha. Akamrudishia Ngwali chaki. "Mama Mkuu, umesema mnatenganisha kilichoandikwa. Hicho kimeandikwa. Kisome."

Mtenganishi Mkuu akaitazama saa. Dakika nne. Akamtazama Ngwali.

Ngwali alisoma kwa sauti, akijumlisha kwa vidole. "Eksi mraba mbili. Eksi tisa. Kumi na moja." Akalamba midomo. "Naanza na ya mwisho. Kumi na moja inazaliwa na moja na kumi na moja, basi. Ya mbele ni mbili, inazaliwa na moja na mbili. Eksi mbili na moja, kwa eksi na kumi na moja: katikati ishirini na tatu. Hapana. Nigeuze. Eksi mbili na kumi na moja, kwa eksi na moja: kumi na tatu." Akasimama. "Nataka tisa."

"Jaribu za kutoa," alisema Mkuu.

"Zitanipa hasi, Mama."

Dakika mbili. Ngwali alikwenda tena tangu mwanzo, na Sikudhani alihesabu naye kimoyomoyo, akiogopa kila namba kabla haijatamkwa. Hakuwa amelijua jibu hili toka langoni. Hakuwa amewahi kufikiria kulitafuta.

"Hakigawanyiki," Ngwali alisema mwishowe, kwa sauti ndogo ya heshima.

Mtenganishi Mkuu alivuta karatasi ya Zamoyoni, akaongeza maneno mawili: Wote wawili. "Nimeandika kilichopo kibaoni," alisema haraka, akiinama mbele. "Alama hiyo ikikatika kabla ya mpaka, huyu wa tano na sita ni wetu, na hapatakuwa na mimi wa kumsikiliza. Msiachane hata unywele. Na kuhusu wale wa uani, mimi nita..."

Ngoma ikalia.

Mkono wake ulipanda wenyewe, vibao vikazunguka. Akavaa miwani, akawatazama.

"Nikusaidieni nini?"

"Hatuna shida, Mama," Zamoyoni alisema. "Tunatoka."

Ngwali wa mchana aliitazama chaki mkononi mwake kama mtu aliyeamka akiwa ameshika kisu cha mwenzake. Waliinua karatasi mbele ya macho yake, wakampita. Ukumbini makarani wote walikuwa wakijigeuza. Hapakuwa na uso hata mmoja uliowafahamu, na kila karani mpya aliyekaa dirishani aliwasoma vifuani kwanza, taratibu, kwa macho ya mtu anayetafuta pa kuingiza wembe. Kilichoandikwa kwa vumbi la chaki kinafutwa hata na jasho. Walitembea ubavu kwa ubavu kama kaa, bega limeshonwa na bega, Sikudhani ameushika mkono wa wifi yake.

Ndipo alipogundua kwamba mkono ule unatetemeka. Haukuwa mtetemo wa dakika ile. Ulikuwa mtetemo mzito uliotulia mwilini, wa mtu aliyekuwa akitetemeka tangu langoni, nyuma ya maneno yote yale.

"Wifi, mbona unatetemeka hivi?" alinong'ona. "Wewe huna hata pa kuvunjikia."

"Nani kakwambia?" Zamoyoni alisema, macho mbele, mdomo haufunguki. "Tembea. Na usiniachie."